Alama Kumi na Moja Nilizozificha

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza kwa kujitetea sitamaliza. Mwezi wangu wa pili katika chuo kikuu kimoja huko Ufaransa nilirudishiwa karatasi ya jaribio la hisabati yenye alama kumi na moja kati ya ishirini. Niliikunja mara nne, nikaificha ndani ya soksi, na sikumuuliza mtu yeyote kumi na moja ina maana gani kule.

Ndani ya soksi! Kama mtu aliyeiba.

Ngoja nikueleze nilikotoka, ndipo unilaumu vizuri. Sisi ni Wakenya tuliokulia hapa Durban, juu kule Berea. Mama yetu ni mwalimu wa hisabati. Nikileta asilimia tisini na tano, alikuwa anatabasamu kisha anauliza, "Na hizo tano umemwachia nani?" Ulikuwa utani. Mdogo wangu Wambui alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa naenda kulala nikizitafuta hizo tano.

Kifaransa nilijifundisha mwenyewe, nusu kwenye simu, nusu kwenye benchi la kinyozi mmoja Mrundi pale Point, karibu na bandari, Kaka Désiré, aliyekubali kunisemesha Kifaransa huku akinyoa wateja. Siku nilipopata nafasi Ufaransa, Mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Watu wakapiga makofi. Niliona fahari na hofu kwa pamoja, na hofu ndiyo ilikuwa kubwa.

Sasa mtu wa namna hiyo umpe kumi na moja kati ya ishirini! Nilipiga hesabu papo hapo: asilimia hamsini na tano. Namba hiyo sikuwahi kuiona kwenye karatasi yenye jina langu. Nikajiambia mimi si mwanafunzi, ni tapeli aliyepenya kwa bahati, na darasa zima limeshajua.

Mama alipopiga simu kuuliza masomo yanaendaje, nikasema, "Vizuri sana, Mama."

Mitihani ya Januari ilipofika, nilivaa, nikatembea hadi kwenye jengo, nikasimama ng'ambo ya barabara nikiwatazama wenzangu wakiingia. Kati ya sura kumi za kitabu, saba nilizijua barabara. Tatu zilinitia mashaka. Nikaona heri niandikwe sikuwepo kuliko kuandikwa kumi na moja tena. Nikageuka. Kesho yake kulikuwa na mtihani mwingine, nikageuka tena, na safari hiyo miguu haikusita hata kidogo.

Nilidhani ningepewa sifuri, nifidie kwa masomo mengine. Kumbe pale chuoni ukikosa mtihani mmoja hawakupigii wastani kabisa. Muhula mzima unabaki mtupu. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi tuliyogawiwa wiki ya kwanza. Mimi ninayesoma hadi maandishi ya nyuma ya dawa ya meno, hiyo sikuisoma!

Siku ya matokeo, Moussa, kijana wa Mali tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja, alinikuta kwenye korido.

"Wewe ulipotelea wapi? Uliumwa?"

"Sikuumwa. Mimi nilishaanguka tangu lile jaribio. Nilipata kumi na moja."

Akanitazama kama ninamtania. "Kumi na moja? Mimi nilipata saba, nikampigia mama yangu Bamako kumshukuru kwa maombi yake! Kumi ndiyo kufaulu hapa, ndugu yangu. Profesa alisema mwenyewe, waliovuka kumi hawafiki watano."

Akaanza kucheka. Halafu akauona uso wangu, akaacha.

Ole wangu! Nilikuwa miongoni mwa hao wasiofika watano, na nilikimbia kama niliyekuwa wa mwisho. Swali moja tu kwa mtu wa karibu yangu lingetosha.

Na bado mlango ulikuwa wazi. Juni kulikuwa na mitihani ya marudio, na Moussa akaniazima daftari zake zote. Utadhani nilizikumbatia. Wapi! Sasa niliona lazima nipate alama za kushangaza, za kufuta aibu yote kwa mara moja. Nikachora ratiba ya kusoma kwa rangi nne. Nikaichana, nikachora nyingine. Juni ilipofika nilikuwa na ratiba safi kuliko mwanafunzi yeyote chuoni, na sura mbili kichwani. Sikuingia.

Kibali cha mwanafunzi kule hakiongezwi bila matokeo, na mimi sikuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha. Agosti nikarudi Durban.

Lakini sikurudi nyumbani. Kutoka uwanja wa ndege nilikwenda moja kwa moja Point, kwa Kaka Désiré, na begi langu na koti la baridi.

"Mama iko anajua?" akaniuliza.

"Hajui, kaka."

"Kwa hiyo uko Ulaya, na tena uko kwangu. Eish! Hata malaika anachagua mahali pamoja pa kusimama." Akanitandikia godoro chumba cha nyuma. "Wiki moja. Wiki moja tu, halafu unapanda Berea, unasema ukweli."

Nilikaa miezi mitatu.

Kila Mama alipopiga simu ya video nilivaa koti, nikakaa mbele ya ukuta mweupe, nikavuta pazia. Durban ilianza kupata joto, na jasho likawa linanitiririka mgongoni. "Mbona unang'aa usoni?" Mama anauliza. "Humu ndani wamewasha hita sana, Mama." Nikikata simu nalianika koti likauke jasho.

Mwezi Septemba Wambui, aliyekuwa anamaliza matric, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, akachukua simu mkononi mwa Mama. "Bro, nijaze fomu za vyuo vya hapa ama nije huko kwako? Zinafungwa mwisho wa mwezi."

Mama alikuwa pembeni yake, anasikiliza. Mwongo hawezi kurudi nyuma hatua moja, atadondoka. Nikasema, "Njoo huku. Hizo fomu achana nazo. Nitakupokea mimi mwenyewe."

Nilisema hivyo nikiwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya duka la kinyozi, mwendo wa taxi moja tu kutoka mahali aliposimama! Dirisha la maombi likafungwa. Wambui hakuomba popote. Aliniamini.

Jumapili moja ya Novemba, tukiwa kwenye simu, hadeda akatua juu ya paa letu. Aliyeishi Durban anamjua ndege huyo, analia kama geti la chuma lililokosa mafuta.

"Ndege gani huyo?" Mama akauliza.

"Ni... jirani anatazama video."

Hadeda akalia tena, mara tatu, kwa nguvu zake zote. Mama akasogeza uso karibu na simu. Akasema kwa sauti ya chini, "Vua hilo koti, mwanangu. Utaugua na joto hili."

Akakata.

Kisha akampigia Kaka Désiré, maana alijua nilikuwa nashinda kwake zamani, na kaka hakukana. Kesho yake Mama na Wambui waliingia kwenye duka la kinyozi, wateja wamekaa na povu kidevuni. Mama akanishika mabega. "Umekonda," akasema, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akalia bila kujificha.

Wambui hakulia. "Nilipokuuliza kuhusu fomu, ulikuwa hapa?"

"Ndiyo."

"Hapa hapa?"

"Ndiyo."

"Umekula mwaka wako, ukaona haukushibishi, ukala na wangu."

Tangu siku hiyo nimemwomba radhi hadi maneno yamechakaa. Mezani ananipitishia chumvi bila kunitazama. Wenzake wanapita mlangoni na mabegi ya chuo, naye anafunga pazia. Mama ananiambia nimpe muda, lakini muda ndio nilioupoteza, tena wa kwake. Nikisikia anacheka chumbani kwake, nikiingia tu anakoma.

Wewe unayesoma ugenini na umeshika karatasi inayokutia aibu, tafadhali, usiikunje! Mwonyeshe mwenzako wa benchi leo. Muulize alama hiyo ina maana gani mahali hapo, maana kila nchi ina mizani yake. Ingia kwenye mtihani hata kama unajua nusu. Na kama umeshadanganya, sema kabla mtu mwingine hajapanga maisha yake juu ya uongo wako. Mimi sikusema, na aliyelipa hakuwa mimi peke yangu.

Sasa napakia maboksi kwenye ghala moja Mobeni, na jioni nasoma kozi ya hesabu za biashara. Mwezi uliopita tulifanya jaribio la kwanza. Nilipata asilimia hamsini na nne. Nilimwonyesha Mama kabla sijavua viatu.