Paneli Nilizozifunga kwa Mkono Wangu

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto hapa mtaani kwetu Hail, na mie nimeshuka kutoka juu ya paa, spana mkononi, baada ya kufunga paneli ya mwisho ya umeme wa jua. Nilikuwa nimestaafu ufundi umeme, mvi zimenijaa, lakini ngazi nilipanda kama msichana. Binti yangu Raya alishika vyuma, mie nikakaza. Fundi hatukumwita. Nisamehe nikijisifu kidogo. Mcheza kwao hutunzwa.

Kabla ya kununua hata waya, nilikwenda kuuliza kwa watu wa umeme. Wakaniambia mwenye nyumba anaweza kujifungia mwenyewe na bado akapata nafuu ya gharama inayotolewa na serikali, ila aombe ruhusa kwanza, vyombo viwe vya aina iliyokubaliwa, na asiwashe mpaka mkaguzi apite. Hapo ndipo huwekewa mita inayohesabu umeme anaochukua na ule anaoutoa.

Basi kazi imekwisha, mkaguzi hajaja. Joto limetukaba, viyoyozi vinanguruma kutwa, na jua linamwagika bure juu ya vichwa vyetu. Nikamwambia Raya, "Nawasha, tujaribu tu." Nikanyoosha mkono kwenye swichi kubwa.

Mamangu, Bi Zeyana, alikuwa amekaa ukumbini na tasbihi yake.

"Moza, mkaguzi keshakuja?"

"Bado, mama. Lakini kazi hii naijua."

"Kuijua unaijua. Na yule mtoto wa watu atakayepanda mlingoti hapo nje, akiamini umeme wa mtaa umezimwa, atakuwa na khabari ya umeme wako?"

Alisema kweli. Umeme wa mtaa ukikatika, wa paa usipojikata nao, hurudi kwenye nyaya za nje, na mtu hufa akidhani waya umelala. Mashine yetu ya kugeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani iliundwa ijikate yenyewe, lakini nani alikuwa ameijaribu? Nikarudisha mkono.

Mkaguzi alipokuja, kijana wa Matrah mwenye adabu zake, akauliza fundi yuko wapi.

"Ndiye mie," nikamjibu.

Akanitazama, kisha akapanda juu. Akakagua kila kifungo. Akawasha, kisha akakata umeme wa mtaa unaoingia nyumbani, na mashine yetu ikajizima papo hapo. Kitu kimoja tu hakukiridhia: waya wa kwenda ardhini aliutaka mnene zaidi. Sikubishana naye. Nikaubadilisha mbele ya macho yake, naye akatia saini. Wakati wa kuaga akamwambia mamangu, "Bibi, kazi ya binti yako safi. Hata kwangu ningeitaka."

"Mie nilikuwa najua," mama akasema. "Nilitaka na wewe ujue."

Mwanangu, sijapata kusifiwa vile maisha yangu yote, na mita ile ikifungwa nilisimama barazani majirani wanione.

Basi nnakuusia: ukiwa na ufundi, utumie, wala usimwonee haya mtu. Lakini uliza kabla hujanunua, omba ruhusa kabla hujapanda, na usiwashe kabla hujakaguliwa. Chema chajiuza, kazi nzuri haiogopi jicho la mwengine.

Mola akubarikie mikono yako, akushikie ngazi yako, na akulindie kila apitaye chini ya nyaya zako. Amin.