Mtandio Kwenye Kiti cha Mama Vipimo

Jina lake lote, kama tunavyolitaja sisi tuliomjua tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ni hili: Mama Vipimo, binti wa mshona magodoro, mke wa Fundi Saa, mama wa watatu, aliyesimama miaka thelathini na mmoja nyuma ya kaunta ya hoteli asimwage hata tone, aliyemnywesha mkubwa mmoja sharubati tupu usiku kucha na mkubwa akatoka akipepesuka kwa kujidai, aliyewanyima funguo za kabati mameneja watatu, wao wakaondoka, yeye akabaki.

Huyo ni wifi yangu. Fundi Saa ni mdogo wangu wa kunifuata, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyaokota barabarani.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya vinywaji, hizo kokteli. Pombe kidogo, maji ya matunda, shira, barafu, vyote ndani ya kopo la chuma, linafunikwa, linatikiswa karibu na sikio mpaka vidole vinakufa ganzi, kisha kinywaji kinachujwa kwenye glasi. Jina la Vipimo alilipata kwa kikombe chake kidogo cha chuma chenye vinywa viwili, kikubwa juu na kidogo chini. Hakuwahi kumimina kitu kwa kukisia. Hata mimi, nikienda kwake, chai yangu alinitilia sukari kwa kikombe kile kile, akaisawazisha kwa kidole.

Sasa niseme habari ya nyuzi, maana bila nyuzi hakuna kisa.

Alipoanza kazi alifundishwa na mzee mmoja mchanganyaji, mtu mwenye kifua kibovu na ulimi mbovu zaidi. Mzee alimwambia, "Binti, wakishajua unachochanganya, kesho wanakuaga." Basi watu wa kaunta ile walikuwa na desturi yao. Chupa zikifika, wanabandua karatasi, wanahamishia kinywaji kwenye chupa nyingine za namna moja, kisha wanafunga uzi shingoni. Uzi mwekundu ni hiki, mweupe ni kile, wa kijani, wa bluu, mweusi, nyuzi mbili zilizosokotwa. Asiyejua nyuzi hajui kitu. Siku moja meneja mmoja alimleta kijana wa chuoni amrithi wifi yangu. Kijana akafungua kabati, akakuta chupa kumi na tisa zinafanana kama pacha. Siku ya tatu gari la hoteli lilikuwa mlangoni kwa Fundi Saa, linapiga honi, wifi yangu arudi kazini.

Hadithi hiyo Mama Vipimo aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka honi ilizidi kulia.

Alipostaafu, desturi hiyo akaja nayo nyumbani. Alimwita seremala, akatengenezewa kaunta kwenye kona ya sebule, kati ya dirisha na friji. Kona yenyewe ni ya kusimama mtu mmoja mwembamba, na wifi yangu hakuwa mwembamba. Ili utoke lazima uinue kibao, na kibao kikiinuka kinagonga kochi. Nilimwambia siku ile ile, "Wifi, hapa umejijengea kizimba." Akacheka. "Wifi, kizimba ni cha mshtakiwa. Hiki ni kiti cha enzi."

"Kiti gani hicho hakina pa kukalia?"

Akaendelea kufunga nyuzi.

Tangu hapo katika ukoo wetu hakuna sherehe iliyoanza bila mkono wake. Mtoto kafaulu, mtu kapata kazi, mtu kapona, mtu kapaka rangi nyumba, basi Jumamosi saa nane mchana tuko sebuleni kwa Mama Vipimo. Na kila mtu alitungiwa chake. Mkwewe Koti, mume wa binti yake mkubwa, tunayemwita hivyo kwa sababu havui koti hata jua likiwaka, chake kiliitwa Mchana Mrefu. Cha Fundi Saa kiliitwa Saa Sita Kamili: ndimu, asali, tangawizi, kipimo kidogo cha brandi. Mimi situmii pombe, nikatungiwa cha nanasi na majani ya nanaa. Akakiita Wifi Tulia. Nikamuuliza, "Hiki ni kinywaji au ni onyo?" Akasema, "Kunywa kwanza."

Kilikuwa kitamu, sitasema uongo.

Lakini tazama ukutani kwao. Pana picha nane za sherehe, na katika zote nane Fundi Saa amekaa dirishani, pembeni yake pana kiti kitupu, na juu ya mgongo wa kiti umetundikwa mtandio wa zambarau. Kiti ni cha Mama Vipimo. Mtandio ni wake. Yeye mwenyewe yuko nyuma ya kaunta, picha haimfikii. Aliutundika kila mara akisema, "Niwekeeni nafasi, nakuja sasa hivi." Mtandio ule umepigwa picha kuliko bibi harusi.

Tena si kwamba hakuna aliyejaribu kumpokea. Mwaka jana alilala na homa, siku ya sherehe ya mjukuu. Mke wa mwanawe wa kiume, anayefundisha watoto wadogo chekechea na sote tunamwita Mwalimu, akaingia kaunta kwa moyo mweupe. Chupa ya uzi mweusi, ile ya matone machungu ambayo haitakiwi kuzidi tone moja, yeye akaimimina kipimo kikubwa kizima. Koti alitema mpaka kwenye pazia. Watu walicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa mgonjwa chumbani. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, nikaona homa imeshuka palepale. Alinishika mkono akasema, "Umesikia, wifi? Hawawezi." Mwalimu tangu siku hiyo hakuigusa kaunta tena, hata kufuta vumbi.

Mwaka huu walitimiza miaka arobaini ya ndoa. Na mwaka huu macho ya mdogo wangu yalikuwa yamekwisha. Miaka hamsini ya kuchungulia saa za watu kwa kioo cha jicho moja si mchezo. La kushoto lilishazimika. La kulia, daktari alisema, litafika mwisho wa mwaka au lisifike. Alikuwa bado anaona kitu kikiwekwa kwenye mwanga wa dirisha, karibu na pua. Meza yake ya kazi ilishafunikwa kitambaa.

Wiki moja kabla, tukiwa watatu tu, alimwambia mkewe, "Sitaki zawadi. Nataka picha moja umekaa. Nikione kile kiti kina mtu, wakati bado naona."

"Si nitakaa, Fundi."

"Mtandio nimeshauzoea. Namtaka mwenye mtandio."

Wifi yangu aliahidi. Na nitamtetea hapa: alijitahidi. Alihesabu watu, akachanganya kila kitu tangu asubuhi, akajaza majagi, akayapanga ndani ya friji. Saa nane alivaa, akatundika mtandio, akakaa. Nilimwona kwa macho yangu. Makalio yake yaligusa kiti.

Koti akaonja. "Mama, hii siyo ile."

"Ni ile ile, baba."

"Haijatikiswa. Imelala."

Na kweli ilikuwa imelala, barafu imeshayeyuka imeipoozesha. Ningekuwa mimi ningemwambia anywe hivyo hivyo. Lakini usimwambie Mama Vipimo kinywaji chake kimelala. Aliinuka. "Moja tu, nakuja sasa hivi." Akainua kibao, akaingia, akatikisa. Mwingine akaona Koti kapata kilichotikiswa sasa hivi, naye akaleta glasi. Akatokea wa tatu. Mama Vipimo akarudi kukaa, hajamaliza kukunja goti, jirani akabisha hodi na mkewe na shemeji zake. "Tumesikia sauti ya kopo!" Akainuka tena.

Watu walizidi viti. Wakalisukuma kochi ukutani ili kupata nafasi, na upande huo ukuta wenyewe ndio ile kaunta. Kochi likakaa sawasawa mbele ya kibao, na juu ya kochi akakaa Koti na koti lake.

"Koti baba, nisogezee nitoke."

"Mama, mmalizie kwanza huyu shemeji, hajapata hata kimoja."

Alimmalizia. Akaomba tena. Akapewa glasi nyingine. Hawakuwa watu wabaya, niseme ukweli. Walikuwa wanamsifu. Kila glasi ilirudi na sifa, "Mkono wa mama huu!", "Hakuna kama wewe!", na kila sifa ilimrudisha hatua moja ndani. Jasho lilimtoka, vidole vilikuwa vyekundu kwa barafu. Nilimwona anatupa jicho dirishani. Jua lilikuwa limeshafika ukingoni mwa pazia. Lile pazia likiingia kivuli, Fundi Saa haoni tena siku hiyo, na nani alijua kama ataona sherehe nyingine. Mwanawe wa kiume alikuwa amesimama na simu mkononi tangu saa tisa, anasubiri kupiga picha.

Ndipo mdogo wangu akaanza kuzungumza.

Aliuelekeza uso wake kwenye kile kiti, akatabasamu. "Tumefika, mke wangu," akasema. "Unakumbuka chumba kile cha kwanza, mvua ilikuwa inaingia tunahamisha godoro? Na leo tumekaa." Akanyoosha mkono, akaushika mtandio, akaupapasa taratibu kama mtu anayepapasa bega.

Kwa lile jicho lake la kulia zambarau ilikuwa ni yeye. Alidhani mkewe amekaa hapo muda wote.

Nikamwangalia wifi yangu. Kopo lilikuwa karibu na sikio, mkono umesimama hewani. Alifungua kinywa kumwita mumewe, akakifunga. Angemwambia nini? Kwamba yuko huku anamtikisia jirani?

Akaliweka kopo chini. "Mwalimu," akaita. "Njoo hapa. Uje na kalamu."

Mwalimu alikuja mpaka nyuma ya kochi, hakukaribia zaidi. "Mama, mimi tena? Si niliwatapisha watu?"

"Uliwatapisha kwa sababu mimi nilikunyima. Nilijua kosa lako hata kabla hujalifanya, nikalala nikasubiri kucheka. Haya, andika. Mwekundu ni ramu. Mweupe ni shira. Kijani ni ndimu na sukari. Bluu ni ile isiyo na rangi, kali, usimpe jirani zaidi ya mbili. Nyuzi mbili ni brandi ya Fundi."

Aliyasema kwa sauti, mbele za watu, mambo aliyoyaficha tangu mzee wa kifua kibovu. Mwalimu alikosa karatasi, akaandika nyuma ya bahasha ya zawadi. Nilidhani wifi yangu atalia. Hakulia. Sauti ilikuwa kavu, kama mtu anayetoa vitu nyumba ikiungua.

"Koti," akasema. "Simama."

"Mama, mimi nime..."

"Simama na kochi lako!"

Koti alisimama. Watu wakalivuta kochi, kibao kikainuliwa, Mama Vipimo akatoka ubavu ubavu. Aliuondoa mtandio mkononi mwa mumewe, akakaa, akaweka mkono wake pale pale.

Fundi Saa alishtuka kidogo. "Mbona umekuwa baridi hivi?"

"Ni barafu."

Mdogo wangu si mjinga. Aliupapasa mtandio, sasa ulikuwa mapajani mwa mkewe, kisha akavishika vile vidole baridi kimoja kimoja kana kwamba anavihesabu. "Ahaa," akasema. "Basi ndiyo umekuja sasa."

"Ndiyo nimekuja sasa."

"Haya. Nimekusubiri."

Kijana wao akainua simu. Mwanga ulibaki upana wa kiganja. Nyuma ya kaunta Mwalimu alikuwa ameshaingia, ameshika kikombe cha chuma juu chini, na mkono mwingine unaifuata chupa ya uzi mweusi.

Picha hiyo ni ya tisa ukutani, na Fundi Saa aliiona, aliishika dirishani karibu na pua mpaka kivuli kikamfika. Wamekaa wawili. Yeye anamtazama mkewe. Mkewe hamtazami. Amegeukia kaunta, shingo imenyooka, kinywa wazi, kidole juu. Hata leo, ukijua yaliyosemwa, unaweza kuyasoma midomoni mwake:

"Tone, Mwalimu! Tone moja! Kigeuze hicho kikombe. Anza na cha Fundi. Na kesho uje na mkasi, ukate nyuzi zote, kila chupa uiandikie jina lake kwa zile herufi kubwa za watoto wako, kila mtu ajitikisie mwenyewe."