Kaburi Baada ya Kengele

Madamu Esinati Kamphangala alifundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kamlaza kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufika kwenye mazishi kwa wakati. Pale Kamlaza, kwenye vilima vya Ntcheu, hilo ni kosa kubwa kuliko wizi. Mwizi akifiwa, watu wanakwenda.

Msiba ukitokea, kijiji kizima kilisimama. Majembe yalilazwa, mashine ya kusaga ilizimwa, na mwalimu mkuu alifunga shule akawaongoza walimu wenzake msibani. Esinati alibaki na watoto wake mia moja na ushee, wakaendelea na herufi walipoishia. Hoja yake ilikuwa moja tu, wala hakuibadilisha: watoto wadogo hawaruhusiwi makaburini, kwa hiyo lazima wakae na mtu, na kama ni lazima wakae na mtu, basi wasome. Kuna msimu mmoja wa mvua walikufa watu kumi na mmoja. Angefuata kila jeneza, darasa lile lingevuka kwenda la pili likijua irabu tatu.

Kengele ya mwisho ikilia ndipo alipojifunga kitenge na kwenda. Alikuta watu wanaosha majembe, akanawa mikono, akala sima ya msiba kama wengine. Hapo ndipo alipowaudhi zaidi. Chifu Mkanthama alimtoza faini ya kuku kila mara, hadi Esinati akaanza kufuga kuku kwa kazi hiyo maalumu, na hakuwazoea sana.

"Madamu," chifu alimwambia siku moja mbele ya baraza, "wewe siku yako ikifika utajizika mwenyewe."

"Nitajitahidi, Chifu."

Alijibu hivyo kwa sababu alikuwa akifikiria maiti yake mwenyewe, ambayo haikumpa wasiwasi. Hakumfikiria mama yake.

Mama yake, Bibi Falesi, alifariki Jumanne alfajiri, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto. Esinati na mdogo wake Zione walimwosha, wakamlaza ndani, wakakaa barazani kungoja watu. Msiba wa mtu mwingine yeyote, ikifika saa moja uwanja umeshajaa. Saa moja ile walikuwapo wao wawili, mbwa wa jirani, na kuku waliobaki.

Mfiwa hachimbi kaburi. Hiyo ni kazi ya wajukuu, ndivyo wanavyoitwa wachimba kaburi wa kijiji, hata wenye mvi. Wasipokuja, maiti haitoki ndani, na joto la mwezi wa pili halimsubiri mtu. Esinati aliogopa, na hakukumbuka kama aliwahi kuogopa hivyo tangu siku ya kwanza aliyosimama mbele ya darasa.

Saa moja na nusu akaja kiongozi wa wajukuu, Chikumbutso, pande la mtu ambaye alirudia darasa la kwanza mara tatu mikononi mwa Esinati. Alikuja bila jembe. Alipiga magoti, akatoa pole, kisha akasema akitazama chini:

"Madamu, tumekaa tumekubaliana. Tutachimba."

"Asante, mwanangu."

"Baada ya kengele."

Zione akawaka. Mama yuko ndani, mawingu yale pale, hawa ni watu wa aina gani? Esinati alimshika mkono. Kanuni ile aliwafundisha yeye mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na leo asingeweza kulalamika kwamba wameishika.

"Ni haki yao," alisema, akavaa viatu.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafunga shule kwa ajili ya msiba huohuo. Watoto wa darasa la kwanza walikuwapo hata hivyo, maana wazazi walishazoea. Akawafundisha herufi ya siku. Sauti ilimkwama mara mbili, na mara zote mbili watoto walidhani ni sehemu ya somo, wakaiga. Kwenye madirisha yasiyo na vioo walisimama wanaume na majembe yao, wakisikiliza. Saa tano kasoro robo aligonga rimu ya lori iliyokuwa kengele yao, na wanaume wakageuka kwenda makaburini kwa mstari, bila kuambiwa.

Mchana kijiji kizima kilikuja kumzika Bibi Falesi. Kabla jeneza halijateremshwa, Esinati aliinama akalikagua kaburi, upande kwa upande.

"Kona ile imepinda," alisema.

Chikumbutso akachungulia.

"Kweli Madamu, imepinda."

Akashuka tena shimoni, akairudia kona ile taratibu, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, vilevile alivyokuwa akiandika alipokuwa na miaka tisa. Esinati alipouona ulimi ule ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.