Siku Besi Ilipofika Msibani

Mimi nina hasira. Nimezaliwa nazo, na mume wangu alinioa akizijua, maana siku tuliyoonana mara ya kwanza nilikuwa namkimbiza muuza samaki na mwiko. Yeye naye hakuwa malaika. Tulipendana hivyohivyo, vyungu vikigongana.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Magari yaliyochoka huko Japani yalianza kuingia, naye akapata pikapu, akawa anabeba ndizi kutoka Mpuguso kwenda Mbeya. Wachuuzi wa ndizi wengi walikuwa wanawake, na walipenda gari lenye muziki. Redio yetu ilikuwa na spika moja tu, imejificha chini ya dashibodi, na sauti yake ilikuwa kama ya maharage yanayokaangwa. Siku moja gulioni dereva mwenzake akasema mbele za watu kwamba gari letu lina pumu. Mume wangu alimtwanga ngumi akamtoa jino. Jioni nikamkanda mkono uliovimba kwa maji ya chumvi, naye akawa anasema, "Mama watoto, lazima nifunge muziki."

Akafunga. Alileta redio ya kaseti kutoka Tunduma, akaweka spika mbili nyuma ya kiti. Zikapiga kelele, lakini sauti ilikuwa nyembamba. Akazipeleka kwa seremala wetu pale mjini Tukuyu, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitokea pwani, mtu aliyeheshimu ubao kuliko watu. Mzee akazigongagonga kwa kucha, akamwambia, "Mwanangu, spika bila kasha ni mdomo bila kifua." Akamtengenezea kasha la mbao nene, akaziba kila pembe kwa gundi na kujaza ndani pamba ya godoro. Milango ya gari ilipoanza kutetemeka, mume wangu akaipachikia vipande vya mpira wa tairi mpaka ikanyamaza. Sitasema uongo, muziki ulikuwa mtamu. Nilikuwa nafua uani huku najitikisa kiuno, na jirani akalalamika nikamwambia ahame.

Lakini mwanamume akishaonja hashibi. "Bado besi," akawa anasema. Alikuwa ameona mahali spika moja kubwa kama sinia la pilau, pamoja na empulifaya ya kuisukuma. Akala bila kuzungumza, akalala bila kuzungumza. Nikamwambia auze chochote anachotaka, hata kitanda, ila dume letu la ng'ombe lililokuwa kwa wazazi wake kule Matwebe asiliguse. Baba yangu alikuwa mgonjwa, na sote tulijua haponi.

Kwetu mkwe haji mikono mitupu kwenye msiba wa baba mkwe. Anakuja na ng'ombe, anamswaga mbele yake ili watu wamwone, na ng'ombe huyo anachinjwa palepale. Ndivyo mzee anavyosindikizwa, na ndivyo binti yake anavyojulikana kwamba ameolewa na mtu. Baba mwenyewe alikuwa akilitaja dume lile kitandani, anatabasamu, anauliza kama limenenepa. Nami nilikuwa nimekaa naye Kisondela wiki kadhaa, namgeuza, namlisha uji, namjibu kwamba limenenepa mno.

Akafa alfajiri. Mchana wake nilikuwa ndani na wanawake, tunalia, na kila aliyeingia aliniuliza kama mume wangu yuko njiani. Nikawajibu kwa kujidai kwamba yuko njiani, na dume lake mtaliona.

Tukaisikia kabla hatujaiona. Ilitoka chini bondeni, dum, dum, ukuta ukawa unatetemeka na vikombe vikigongana kabatini. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Ilikuwa kaseti ya kwaya, nyimbo za maombolezo, lakini imepandishwa mpaka maneno hayasikiki, ni kishindo tu. Nikachungulia dirishani, pikapu ikaingia uani na kusimama karibu na wapiga ngoma, nao wakaacha kupiga. Nyuma ya gari, chini ya turubai, hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na kasha jipya kubwa kuliko jeneza la mtoto.

Kaka yangu mkubwa alitoka kaburini alikokuwa akichimba, jembe mkononi. Akampungia mkono mume wangu apunguze sauti, naye akapunguza kidogo.

"Shemeji, ng'ombe yuko wapi?"

"Ndiyo hii hapa, shemeji," mume wangu akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa fahari. "Nyama inaliwa inaisha. Hii italia na baba mpaka asubuhi. Bonde zima limeshajua kwamba ametutoka."

"Dume umeuza?"

"Nimemletea kitu kikubwa zaidi."

Kaka aligeuza jembe akapiga spika ile katikati, karatasi yake ikapasuka, akapiga tena. Mdogo wake akakata nyaya kwa panga. Sauti ilipokatika ndipo tukasikia ngumi zenyewe, na mume wangu akiguna. Kaka zangu wote walikuwa juu yake.

Nilitoka ndani nikiwa na nia ya kumpiga mimi mwenyewe. Naapa. Dume la baba yangu, nililomuahidi kwa kinywa changu, limegeuzwa waya na karatasi! Nilitaka kumng'oa masikio yake yale yanayopenda besi. Lakini nikamkuta kwenye matope, damu zinamtoka jichoni, na kaka mkubwa ameinua mpini wa jembe juu ya kichwa chake. Nikaona nitakuwa mjane siku ileile ninayokuwa yatima. Spana ya matairi ilikuwa nyuma ya pikapu. Niliichukua nikampiga kaka mkononi kwa nguvu zangu zote, na mfupa ukalia. Ningempiga tena hata leo.

Kaka akaushika mkono wake unaoning'inia, akanitazama.

"Ndugu yako wa tumbo moja! Basi ondoka naye huyo. Baba tutamzika wenyewe."

Mawe yakaanza kuruka. Kioo cha mbele kilipasuka, nikamburuta mume wangu mpaka garini, tukashuka kilima tukiyumba. Kwenye kona ya chini akasimamisha gari, maana jicho moja lilikuwa limefumba na jingine limejaa damu. Huko juu ngoma zilianza upya, kisha vilio.

"Nilidhani watafurahi," akasema, kama mtoto.

Nikamzaba kofi. Kisha nikafungua mlango nikashuka.

Nilipanda kupitia kwenye migomba, peku, kanga imelowa. Nilikuwa binti mkubwa wa nyumba ile, mimi ndiye niliyemfumba baba macho, na wangemfukia bila mkono wangu. Nilipofika, kaka alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia uani, mkono umefungwa kwa kanga ya mama. Nyuma yake majembe yalikuwa yanafanya kazi.

"Rudi," akasema.

"Nipige," nikamwambia. "Nipige tulipane, kisha nipishe nikamzike baba."

Alinipiga kwa mkono wa kushoto uliobaki mzima, kofi la sikio, nikaanguka matopeni. Nikainuka. Sikio lilikuwa linavuma, sikumsikia mchungaji wala wanawake. Nilimwona kaka tu, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Akasogea pembeni.

Kaburi lilikuwa limejaa nusu. Nikapiga magoti, nikachota udongo kwa mikono yote miwili.