Kulwa Hakupelekwa Kambini

Msimu ule wa mvua, miaka ya tisini, harufu ya klorini ilifunika kijiji chetu cha Mwamkulu kizima, hata harufu ya zizi la baba ikashindwa. Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Bwana afya alikuja na pikipiki kutoka mjini Mpanda, kipaza sauti mkononi, akihimiza watu wachemshe maji na wachimbe vyoo. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," ndivyo alivyomalizia kila mara, na watu wazima waliitikia kwa vichwa, kisha wakaenda kuficha wagonjwa wao. Hakuwa mtu mbaya. Alishinda matopeni kutwa, na dawa alikuwa nayo. Maturubai ya kambi yake ya kutibia wagonjwa tuliyaona kutoka uani kwetu.

Mimi ni Doto, kwa hiyo msomaji ameshajua kwamba nilikuwa na Kulwa, dada yangu pacha, mcheshi kuliko mimi na mwizi wa matonge yangu ya ugali. Sisi Wasukuma tuna taratibu zetu za kumzika pacha, na nyumbani kwetu iliaminika kwamba akifukiwa hivi hivi humvuta mwenzake. Waliofia kambini walizikwa haraka na watu wa afya, ndugu wakizuiwa kusogea. Basi Kulwa alipoanza kuharisha na kutapika, mama alimlaza nyuma ya kihenge cha mpunga, akatuambia tuseme amekwenda kwa shangazi huko Magamba. Baba alisihi apelekwe kambini. "Baba Kulwa, akifia kule watamfukia kama mzoga, na Doto atamfuata," mama alijibu. "Nyie wanaume mnataka nibaki na nani?" Baba akatoka kwenda zizini. Kulwa aliomba maji kwa sauti iliyozidi kufifia, mpaka hakuomba tena. Tulimzika kwa taratibu zote. Mimi nikabaki hai, na mama akaona hilo ni ushahidi kwamba alifanya sawa. Inaniuma mpaka leo.

Baadaye alikuja muuguzi mmoja wa makamo, akaketi mkekani na kina mama, akawauliza wanaogopa nini. Hakubishana nao. Alipopata jibu, akaomba ndugu waruhusiwe kusimama makaburini na wazee wafanye yao kwa mbali. Wagonjwa wakaanza kupelekwa kambini, wengi wakarudi kwa miguu yao. Dawa ilikuwa ile ile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yule muuguzi alikubali kuelezwa na waliokilalia.

Siku hizi Mpanda ina lami na hospitali kubwa, na binti yangu anasoma sosholojia chuoni. Shemeji zangu humtania, "Hiyo inatibu ugonjwa gani?" Mimi hukasirika. Likizo iliyopita mama, sasa bibi kizee, alimwuliza anasomea nini hasa.

"Nasomea kuwauliza watu kwa nini wanafanya wanayofanya, bibi, kabla ya kuwaamulia."

Mama aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo.

"Mimi hakuna aliyeniuliza," alisema. "Ningemwambia."