Gurudumu la Nyuma

Asubuhi ile mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Mama Lusungu alikaa kwenye kigoda chake barazani, amelilaza gurudumu la mbele la baiskeli ya mbio mapajani, kama mtu anayemwogesha mtoto. Mumewe, Meshaki, alisimama mbele yake na pampu.

"Piga," mama akasema.

"Nipige mpaka lini?"

"Wewe piga tu. Nitakwambia."

Meshaki akapiga. Upepo ukaingia na kutoka palepale, fyuuu, pembeni mwa tairi. Akapiga tena mpaka jasho likamtoka. Fyuuu. Mama Lusungu akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea.

"Tairi hili halina tyubu, mume wangu. Tyubu ingeshika upepo yenyewe. Hili linataka kubanwa kiunoni kwanza ndipo likae kwenye rimu. Wewe si ndiye mfunga mikungu? Lete mpira wako."

Meshaki ni mtu wa ndizi. Miaka yote alifunga mikungu kwenye karia ya baiskeli kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, na haukuwahi kumdondoka hata mkungu mmoja kati ya Masukulu na soko la Tukuyu. Akauzungusha mpira ule mgongoni mwa tairi, duara zima, akapiga fundo lake la mikungu. Kisha akashika pampu. Safari hii tairi likanguruma ndani, likalia pah, halafu pah ya pili. Limekaa. Mama Lusungu akafungua fundo, akamwambia aendelee. Yeye akaweka kidole gumba juu ya tairi, akabonyeza, akainamisha sikio. Ndipo akasema neno lake, pampu ikawekwa chini, wakaingia ndani kunywa chai na ndizi za kuchemsha.

Gurudumu la nyuma lilibaki limening'inia kwenye msumari, karibu na mlango. "Lile kesho," alisema mama.

Saa saba mchana alisema kichwa kizito, ngoja ajinyooshe. Alijinyoosha. Hakuamka tena. Meshaki hapendi kuyarefusha hayo.

Afadhali kusema alivyokuwa. Jina lake la kwao Masukulu lilikuwa Atuganile. Baba yake, mzee Lukasi, ndiye aliyekuwa na baiskeli peke yake kitongojini, na watoto wake wa kiume walipenda kuipanda kuliko kuitunza. Msichana ndiye aliyeshika spana. Siku moja kijana mmoja akapita akiisukuma baiskeli ya kuazima, mikungu miwili nyuma, tairi chini. Atuganile alikuwa njiani na ndoo ya maji.

"Kaka, umekuja kupanda baiskeli au kuitembeza?"

Kijana akaona aibu. Akasema amepata pancha, anatafuta fundi.

"Fundi ni mimi. Shusha mizigo."

Alitoa tyubu, akaiingiza ndani ya maji ya ndoo yake mwenyewe, akaona povu dogo linapotoka, akakwangua, akapaka gundi ya solusheni, akabandika kiraka. Maji yale akayamwaga, akarudi mtoni kuchota mengine. Kijana hakuondoka. Alimbebea ndoo. Mwaka uliofuata Meshaki alipeleka ng'ombe kwa mzee Lukasi, na mzee akasema, huyu mnayemchukua anakwenda na spana zangu, mjue.

Wakahamia Makandana, mjini Tukuyu. Mama Lusungu akaweka karai lake la maji kando ya barabara, mbele ya nyumba, chini ya bati nne. Wageni wa mjini walikuwa wakisimama na kuuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Naye alikuwa akijibu, "Ametoka. Lakini ngoja nikutazamie mimi kidogo." Wakimaliza kushangaa tairi limeshajaa. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia, nalo alilisema kila mara: kazi yake hairudi. Pancha aliyoziba yeye haikufunguka njiani. Na ikitokea imefunguka, alimfuata mtu mpaka kwake na karai kichwani. Meshaki aliona hilo mara mbili kwa macho yake, mara ya pili mkewe akiwa na mimba ya miezi minane.

Mwalimu Lightness alikuja siku za karibuni. Ni mtu wa Kilimanjaro, ameletwa kufundisha hapa Tukuyu, na kila Jumamosi anapanda baiskeli ya mbio, tairi jembamba kama mkanda wa suruali, anateremka lami mpaka joto la Kyela na kupanda tena. Watu walidhani ana matatizo. Mama Lusungu alimpenda. Kila Jumapili baada ya ibada mwalimu alikuwa barazani na pancha. Ni zile nyaya nyembamba zinazobaki barabarani watu wakichoma matairi ya malori. Hazionekani kwa jicho, zinaingia kama sindano. Tyubu moja ilipata viraka kumi na kimoja.

Ndipo kaka yake mwalimu akamletea kutoka Dar matairi yale wanayoita tyublesi. Mwalimu akaeleza: hayana tyubu ndani. Unamimina dawa nyeupe, inazungukazunguka humo. Waya ukitoboa, dawa inakimbilia kwenye tundu na kuganda.

"Kwa hiyo pancha inajiziba yenyewe?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nitakula wapi?"

Mwalimu akaona amekosea. Mama Lusungu akampiga begani.

"Nayaweka mimi mwenyewe, mwanangu. Kama ni kufukuzwa kazi, nijifukuze. Uje Jumamosi."

Akabandika utepe kwenye rimu zote mbili, kuziba matundu ya spoku. Akafunga valvu zote mbili za kupitishia upepo. Akamaliza gurudumu la mbele. Hapo ndipo alipoachia.

Alizikwa migombani, nyuma ya nyumba. Majirani walilala msibani, wakapika, wakafagia, wakaondoka mmoja mmoja. Lusungu, mtoto wao mkubwa, alikaa wiki mbili, akarudi kazini Mbeya. Meshaki akabaki na nyumba na lile gurudumu kwenye msumari. Kila akitoka linamtazama, kila akiingia linamtazama.

Mwalimu alikuja na sukari na mkate.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Sikujia gurudumu, baba. Nimekuja kukuona tu."

"Najua. Lakini lipo."

"Nitalichukua hivyo hivyo. Pale gereji wana kompresa ya upepo, ni dakika moja."

Meshaki akatikisa kichwa. "Alikwambia uje lini?"

"Jumamosi. Lakini ile Jumamosi, baba..."

"Basi ni Jumamosi. Hakusema ipi."

Mwalimu akamkabidhi sukari na mkate, akaaga.

Alipoondoka, Meshaki akajiuliza amesema nini. Hajawahi kuweka tairi maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kupiga pampu na kuchota maji. Lakini gurudumu lile lilikuwa kazi ya mwisho ya mkewe, na ilikuwa nusu. Mtu ambaye kazi yake hairudi, ataondoka ameacha nusu? Alitaka litoke hapo nyumbani limekamilika, lisimame kama kazi zake zote. Hilo tu. Hakutaka kingine.

Ijumaa asubuhi alilishusha. Akatafuta chupa ya dawa nyeupe, haipo. Jirani yake Hellen alikuwa akipita kwenda kuchuma chai. Akamwuliza.

"Ile chupa ya maziwa?" Hellen akasema. "Niliikuta dirishani siku ya msiba, baba. Nikataka kujua kama yamechacha. Nikammwagia mbwa kidogo. Mbwa akanusa, akanitazama usoni, akaenda zake."

"Si maziwa. Ni dawa ya tairi."

Hellen akashika mdomo. "Yesu wangu! Na mimi nilitaka kumtilia mchungaji kwenye chai!"

Meshaki alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko kilimtoka kama kikohozi, hakijazoea. Hellen akaikimbilia chupa jikoni kwake. Imebaki zaidi ya nusu. Inatosha gurudumu moja.

Kwenye boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo. Meshaki hakusoma shule, na hata angesoma, maandishi yale yalikuwa ya lugha ya mbali. Alifuata alichokiona kwa macho asubuhi ile. Akapaka povu la sabuni mdomoni mwa tairi. Akaingiza upande mmoja kwenye rimu, kisha wa pili, akaacha nafasi ya kiganja, akatikisa chupa, akamimina dawa, akasukuma tairi lote ndani kwa viganja. Akafunga mpira wa mikungu. Akapiga pampu.

Fyuuu.

Akafungua, akafunga upya kwa nguvu. Fyuuu. Dawa ikamrukia shati. Akapiga mpaka akachoka, akakaa chini kwenye kigoda cha mkewe. Alikuwa hajakikalia kabla ya hapo.

Hellen alikuwa bado amesimama na kapu lake. Ana huruma, lakini hana subira.

"Baba, si uweke tyubu tu? Hapo ndani mama ameacha tele. Tairi linafunika, nani ataona?"

Meshaki aliingia ndani. Tyubu zilikuwa kwenye ndoo ya bluu, zimekunjwa vizuri, kila moja imefungwa uzi. Akatoa moja nyembamba. Ilikuwa ile ya mwalimu, yenye viraka kumi na kimoja, vimepangana kama vifungo vya koti. Ingeingia. Ingejaa kwa pampu ishirini. Mwalimu angeshukuru, angeondoka, na siku waya utakapoingia angekokota baiskeli mpaka jasho limwishe, akifikiri Mama Lusungu ndivyo alivyofanya.

Akairudisha ndooni.

"Hapana," alimwambia Hellen. "Yeye asingeweka."

"Wewe na yeye mnafanana ukaidi."

"Nenda kachume chai, mama. Jua linapanda."

Hellen akaenda. Meshaki akabaki na gurudumu. Akalitazama pole pole, jinsi mkewe alivyokuwa akitazama kitu kabla ya kukigusa. Akazungusha. Pande zote tairi limelala sawa, isipokuwa mahali pamoja: penye valvu. Hapo mdomo wa tairi ulikuwa umepanda juu ya mpira wa valvu na kuukalia. Upepo ulikuwa hauna njia ya kwenda isipokuwa nje. Akakumbuka kidole gumba cha mkewe asubuhi ile, kikiisukuma valvu juu kidogo, kidogo tu, kisha kuivuta. Alikiona wakati ule, hakukitilia maana. Nani anatia maana kidole cha mtu anayemwona kila siku?

Akaisukuma. Mdomo wa tairi ukashuka, huku na huku. Akakaza valvu. Akapaka sabuni tena, akaongeza dawa kidogo iliyobaki, akafunga fundo lake la mikungu, akasimama, akashika pampu kwa mikono miwili.

Tairi likanguruma. Akapiga haraka haraka, moyo nao unapiga. Pah.

Akaendelea.

Pah.

Hakukuwa na mtu barazani. Akafungua mpira. Akazungusha gurudumu, dawa ikasikika ikikimbia ndani kama maji ya mfereji. Akarudi kwenye pampu, akapiga, akapiga, tairi likawa gumu, naye akaendelea kupiga, kwa sababu tangu ujana wake hakuwahi kuacha mwenyewe, alikuwa akiachishwa na mkewe. Akasimama katikati ya pampu, mkono juu. Akaweka kidole gumba pale mkewe alipokuwa akiweka. Akabonyeza. Akainamisha sikio. Hakuna fyuuu. Kimya kizuri.

Alilala vizuri siku ile. Asubuhi ya Jumamosi alilikuta gumu vilevile kwenye msumari. Mwalimu alikuja na baiskeli mabegani, wakafunga pamoja la mbele, kisha hili la nyuma, akalibonyeza na yeye.

"Gereji gani, baba?"

"Hapa."

"Nani kafanya?"

"Yeye. Mimi nilipiga pampu."

Mwalimu aliinama akasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, kwa matamshi ya Moshi, mpaka Meshaki akatabasamu. Kisha akapanda, akaingia barabarani, akateremka, na yale matairi mawili yakalia sauti moja juu ya lami yenye maji.

Wiki nne sasa. Kila Jumapili mwalimu anakuja barazani bila pancha, anakaa kwenye benchi, wanakunywa chai. Hellen naye huja kuulizia kama kuna maziwa.

Juzi mwalimu aliuliza, "Baba, ulijuaje pa kuacha? Ungezidisha lingepasuka."

Meshaki akamwambia ni mkewe aliyesema, asubuhi ile, kwa gurudumu la mbele, na neno lile linatosha magurudumu yote mawili. Mwalimu akataka kujua alisemaje hasa. Basi Meshaki akalitoa kama lilivyotoka kinywani mwa mkewe, bila kuongeza wala kupunguza:

"Basi, Baba Lusungu. Limejaa. Usije ukalipasua kwa furaha."