Mpini Niliomchagulia Nkambo

Harufu ya ukuni uliopasuliwa sasa hivi hainiachi nipite kwa amani. Juma lililopita nilikuwa natembea Annexe, karibu na parseli moja, kiwanja chenye msiba, ambamo vijana walikuwa wanapasua kuni za kilio, na ile harufu, kali kidogo, tamu kidogo, ikanipiga puani. Nikasimama. Rafiki niliyekuwa naye alidhani nawahurumia wafiwa, akanishika bega. Sikumrekebisha. Lakini ninyi nitawaambia ukweli, maana hamnijui na hamtanitazama usoni: nilikuwa naona haya. Ni haya ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, nayo imezeeka pamoja nami.

Wakati ule tulikaa Annexe, mahali ambapo mji unaishia na mashamba ya mahindi yanaanzia. Mama alioka mikate ya kuuza. Tanuri lake la udongo lilikuwa nyuma ya nyumba, na lilikula kuni kama mgeni asiye na adabu. Aliyelilisha ni Nkambo Banza, baba yake mama. Alikuwa amefanya kazi ya reli tangu ujana, na hata baada ya kustaafu hakuacha kuvaa kofia yake ya kazi, ambayo jua lilikuwa limeigeuza rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyemtuma kupasua kuni. Alijipa kazi hiyo mwenyewe. "Muntu anakula mukate," alikuwa anasema, "anapashwa kujua moto yake ilitoka wapi."

Asubuhi tuliamshwa na shoka lake. Lilipiga, likanyamaza, likapiga. Mama alisema akisikia mdundo ule hahitaji saa.

Kisha shoka lile likapasuka kwenye tundu la mpini, bila tiba. Jumamosi iliyofuata, baada ya masomo, Nkambo alinisubiri kwenye lango la shule ili tuende pamoja kununua lingine. Mimi nilisoma kwa masista, mtaa wa Kamalondo, kwa sababu mama alitaka nijue Kifaransa kuliko yeye. Tulipoanza kutembea, alinishika mkono. Nilidhani ananiongoza, kumbe mimi ndiye niliyekuwa namwongoza.

"Odette," alisema bila kugeuka, "macho yangu iko inakufa. Ya kuume inaona moshi tu. Ya kushoto, naye anaanza kumufuata ndugu yake. Usiambie mama yako. Akijua, atanikalisha kwenye kiti."

Nikaapa. Nilijiona mtu mkubwa, mwenye siri ya mtu mkubwa. Heshima ile niliibeba kwa umbali wa avenyu mbili tu.

Muuza mashoka alikuwa ameyapanga chini, juu ya gunia, mbele ya karakana ambapo walifua vyuma vya magari mabovu. Nkambo alichuchumaa, na mikono yake ikaanza kuona. Aliinua shoka jembamba, akapitisha kidole gumba ubavuni mwake, akalirudisha. "Hii ni ya kuangusha muti," alinifundisha. "Ukipasulia kuni, inaingia ndani na inalala mule. Utashinda unaitoa." Akainua lingine, nene kisogoni kama kabari. Akaligonga kwa ufunguo wake na kutega sikio. Chuma kikalia kwa sauti ndefu, safi. "Hii inafungua ukuni. Inauambia: achana." Akalipima uzito mkono huu na mkono ule, akaitikia kwa kichwa kwamba mgongo wake utalikubali.

Ikabaki mipini. Mchuuzi alileta miwili, yote imepakwa oili chafu ya injini, laini kama samaki. Nkambo aliipapasa, lakini oili ile ilikuwa imeficha kila kitu. Alinisogezea wa kwanza.

"Sasa mikono yangu imefika mwisho. Angalia ile mistari ya muti. Inashuka sawasawa toka juu mpaka chini, ao inakata pembeni? Kama inakata pembeni, siku moja itavunjika na kichwa kitaruka."

Nilipaswa kuinama tu. Lakini ndipo nilipowasikia wakicheka. Walikuwa wasichana watatu wa darasa letu, katika sketi zao za bluu, wanakuja upande wetu, na mbele yao Bijou, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Sasa niwaambie: Bijou nilikuwa nimemwambia kwamba kwetu tunapika kwa umeme. Nilikuwa nimemwambia pia kwamba Nkambo wangu alikuwa mkubwa wa gare, kituo cha treni. Na huyu hapa mkubwa wa gare, amechuchumaa katika vumbi, kandambili zake zimeshonwa kwa waya, anabusu mashoka kwa masikio.

"Odette? Unaona nini?"

Niliinua mpini, macho yangu yakiwa kwa Bijou.

"Iko sawa, Nkambo."

"Umeangalia muzuri?"

"Nimeangalia muzuri. Mistari inashuka sawasawa. Tuende."

Aliniamini papo hapo. Wakati mchuuzi anauchomeka mpini, mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa karakana, nikasoma kwa bidii tangazo la rangi za nyumba mpaka sauti za wale wasichana zilipopotea. Hawakuniona. Nilimshukuru Mungu. Ndiyo sala mbaya kuliko zote nilizopata kusali, na ilijibiwa.

Shoka lile lilifanya kazi wiki tano, pengine sita. Mdundo wa asubuhi ulirudi. Nikasahau. Mtoto anasahau haraka deni ambalo halijadaiwa.

Ilikuwa siku ya baridi, mwezi wa sita. Mama alikuwa ameinama mbele ya tanuri, anakwangua majivu. Mimi nilikuwa nachota maji kwenye pipa. Nkambo aliinua shoka juu ya gogo lenye kifundo, akalishusha, na badala ya ule mlio wa kufunguka nikasikia kitu kama mfupa unaovunjika. Mpini ulibaki mikononi mwake, mfupi, umechongoka. Kichwa cha shoka kilikuwa kimeruka. Mama hakupiga kelele mara moja. Aliketi chini polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka, kisha akatazama mguu wake.

Majirani walimbeba juu ya kiti cha plastiki hadi dispansera. Kilichonusuru mguu ni kwamba kichwa kilimpata kwa kisogo, si kwa makali, lakini mfupa wa muundi ulivunjika. Alikaa na plasta muda mrefu, na hadi leo kipindi cha baridi anatembea kwa kuinama upande mmoja.

Jioni ile alikuja mjomba Kabwe, ndugu mkubwa wa mama, mtu wa sauti nene. Aliokota kipande cha mpini, akakifuta oili kwa suruali yake na kukipeleka kwenye mwanga wa mlango.

"Lakini nani alichagua hii? Baba, angalia! Mistari inakata pembeni kabisa. Hata mutoto mudogo anaona!"

Nilikuwa nimesimama pale, na ndoo mkononi. Nkambo aligeuza uso upande wangu. Sijui aliona nini, moshi tu au msichana aliyekauka kama ukuni. Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo.

"Ni mimi," Nkambo alisema. "Nilichagua peke yangu. Macho yangu inakufa, Kabwe. Niliwaficha."

Mjomba alishusha kile kipande. Hasira ilimtoka, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi, yaani huruma. Alianza kumsemesha baba yake taratibu, kwa sauti ya juu, kama vile masikio nayo yamekufa. Palepale iliamuliwa kwamba Nkambo hatagusa tena chombo chenye makali. Kiti kikawekwa ukutani, upande wa jua. Akaletewa blanketi. Kila kitu alichokiogopa kilitimia katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na mimi niliyekuwa na neno la kukizuia nilienda kumwaga maji kwenye pipa ambalo lilikuwa limejaa.

Kuni zikawa zinapasuliwa na jirani, kwa shoka lake mwenyewe. Nkambo alisikiliza kutoka kitini. Mara nyingine alisema, si kwa mtu yeyote, "Ile shoka iko nyembamba," na kweli ungemsikia jirani anahangaika kulitoa.

Aliishi misimu miwili ya mvua baada ya hapo. Hakuniomba tena nimwangalizie kitu. Barua, dawa, sindano ya kutia uzi, alimwita mke wa jirani. Nilidhani ananionea huruma kwa ajili ya masomo, nami nikafurahi kuwa huru.

Mwaka jana hatimaye nilimweleza mama. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Nililia, nikaomba msamaha kwa ajili ya mguu wake. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Mguu ni yangu, nimekusamehe," alisema. "Lakini ile ingine haiko yangu. Ungemwambia yeye."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja ambalo kwa miaka yote sikulitazama. Kila nilipotoka masomo, Nkambo aliniita nikae chini, karibu na kiti chake. Alivua kofia, akaiweka gotini, na kuniuliza swali lilelile, kwa upole uleule: "Odette, leo hauna kitu ya kuniambia?" Kisha alingoja. Alingoja sana, uso ameuelekeza kwangu. Nami nilimwambia kwamba nimepata nane juu ya kumi katika hesabu, au kwamba sista amesifu mwandiko wangu.

"Ni muzuri, mwana," alijibu, na kuvaa kofia yake.